Mwinamo

Ni nusu karatasi tu,
imekatwa kwa rula kubana matumizi,
na irudi Ijumaa ikiwa na sahihi ya mzazi.

Biolojia nimeitia alama bila kuvuta pumzi.
Kemia vilevile: nina sabini na moja
na doa la iodini lisilotoka kwenye mkono wa sare.
Kisha kalamu ikafika Fizikia, ikasita
kaa paka aliyeona maji.

Thelathini na nne, kwa wino mwekundu,
na chini yake Bi Nyambu ameandika:
"Mwanamize, ulisoma au ulikariri?"

Nilikariri.

Na Historia pale chini yanipungia mkono.
Themanini na nane! Naweza kukutajia, kwa tarehe,
nani aliiteka ngome yetu na nani akamnyang'anya.
Kadzo, tukaaye dawati moja, alimaliza kabla ya kengele.
"Udaktari hauilazimishi Fizikia ukiwa na Hisabati. Nimeuliza.
Chukua Historia, pata A yako, ulale."
Labda ni kweli. Kadzo huuliza wanaojua.

Babangu si daktari.
Babangu husukuma machela, huu mwaka wa kumi na tisa,
mapokezi hadi wodi, wodi hadi thieta,
na mara nyingine hadi kule ambako akirudi hasemi.
Madaktari huwajua kwa viatu:
yule wa soli ya mpira huburura mguu
akiwa amebeba habari mbaya.

Jana nilimpelekea chakula,
wali, mchuzi wa papa, ndimu moja.
Lifti imekufa tangu mfungo wa Ramadhani.
Nikamkuta chini ya mwinamo
na mama mmoja mzito, mguu umefungwa gango,
akilalama, "Mwanangu, utaniangusha."
"Mama, mie n'na watoto watano,
sijaangusha hata mmoja."

Hakusukuma moja kwa moja.
Alirudi nyuma hatua tatu,
akageuza machela kichwa kitangulie,
mikono akainyoosha, akaiachia miguu kazi,
akapanda mshazari, ukuta hadi ukuta,
polepole, kaa anayeshona.
Juu, akaziba gurudumu kwa kisigino
ndipo akavuta pumzi.

"Mbona hukukata njia fupi?"
Alikuwa akijipangusa shingo.
"Njia fupi yataka nguvu ambazo sina.
Ndefu yanikopesha."

Nikabaki kwenye benchi na ndimu mkononi.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili: pembetatu,
herufi mbili, mshale mdogo,
nilivyovimeza kaa maneno ya lugha nisiyoijua.
Kumbe pembetatu ile ina jasho.
Ina mama mwenye mguu uliovunjika,
ina lifti iliyokufa,
ina babangu.

Usiku, nyumbani Bondeni, akavaa miwani ya mama,
akaishika karatasi kaa hati ya kiwanja.
"Hii Fizikia ndiyo ipi?"
"Ndiyo ile ya leo. Ya mwinamo."
Akacheka mpaka chai ikamwagika.
"Basi mie n'na shahada!"
Halafu, bila kucheka: "Waipenda?"
"Naiogopa."
"Mie niliwaogopa wagonjwa.
Mwezi wa kwanza nilikuwa nikisukuma nimefumba macho."
"Ukafanyaje?"
"Nenda kautazame mlango wa maabara.
Lile shimo ni langu."

Akatia sahihi, jina zima,
S ya Shee ikavuka mstari
na kuingia kwenye nafasi ya mwalimu mkuu.

Leo Alhamisi, wakati wa mapumziko,
nimeitia Fizikia alama. Kwa penseli.
Historia nimeiwekea nukta tu,
ndogo kaa chenga ya mchele,
na imeniuma, nisiseme uongo.
Majina yale yote, tarehe zile zote,
nitayasoma lini tena, na nani atanisahihisha?

Karatasi ni ya kesho.
Raba nimemkopesha Kadzo
mpaka Jumatatu.